Termosi ya Uji na Picha ya Moyo Wangu

Dola mia nne na sita. Naanza na hesabu kwa sababu najua wengi wenu mumekuja kusikia hiyo, na nikiiweka mwisho hamutasikiliza mengine. Mia nne na sita. Nilihesabu juzi na bwana yangu, nikahesabu tena jana peke yangu, maana yeye akifika mia anaanza kuzungumza. Humo hazimo dawa ninazonunua kila mwezi, hizo ni safari ingine. Na katika hizo mia nne na sita, mia mbili na kumi na tatu zilikwenda kabla hata sijajua nagonjwa nini. Kitu kilichokuja kunionyesha ugonjwa kilikuwa na bei ya dola makumi nne. Makumi nne, ndugu zangu. Na hizo ndizo nilizokataa kutoa.

Aksanti kwa kunipa nafasi hii leo katika shirika letu. Mama presidente aliniambia nizungumze dakika kumi. Nikamwomba makumi tatu. Tukapatana makumi mbili. Munaona nimepona.

Munanijua. Miaka kumi na saba nauza maharagwe. Mutu akinishikisha maharagwe gizani, kwa vidole tu nitamwambia kama yametoka Rutshuru ao Masisi, na mawe mangapi yamo kwa kilo. Sijawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote. Hata siku ya kuposwa, mama yangu alisema mbuzi kumi na mbili, na mimi nikawa nyuma ya pazia nanyoosha vidole nimuonyeshe aongeze wawili. Bwana yangu yuko pale, anacheka, lakini alilipa.

Sasa sikilizeni namna nilivyoanguka.

Kutoka kwangu hapa Keshero mpaka soko, zamani nilikuwa natembea na beseni kichwani bila kusimama. Halafu nikaanza kusimama mara moja. Nikajiambia ni umri. Mwezi uliofuata nikasimama mara nne. Nilikuwa nahesabu, munanijua. Mbele ya duka la simiti, moja. Kwenye kona ya mushona nguo, mbili. Nilipofika mara tisa, beseni nikampa mutu wa kulipwa abebe, na hata bila beseni nikasimama tisa. Usiku nalalia mito mitatu, nikilala chini nakohoa kama mutu anayezama. Miguu ikajaa. Ukibonyeza kidole kwenye mufupa wa muguu, shimo linabaki pale linakuangalia.

Kwenye kituo cha afya cha kwanza wakaniambia malaria. Nikanywa dawa. Wakasema tifoidi. Nikanywa. Dola makumi tatu na nane. Kisha munganga mumoja pale, kijana mutulivu, akanisikiliza mugongoni na kile chombo cha masikio, akasikiliza mara ya pili, akasema: «Mama, hapa hatuna mashine. Nenda hospitali kubwa, wafanye eko ya moyo. Ni picha. Tuone moyo unafanya kazi namna gani.»

Nikaenda. Kwenye dirisha la kulipia nikauliza bei. Makumi nne. Nikasema: «Mama, nikupe makumi mbili na tano, nitakuletea wateja.» Yule mama akaniangalia. «Wateja wa nini, mama? Wagonjwa?» Nikasema basi makumi tatu. Akasema bei haipunguki, imeandikwa ukutani. Nikafanya ninavyofanya siku zote: nikageuka, nikaanza kuondoka polepole, nikingoja aniite.

Ndugu zangu, nilitembea polepole mpaka kwenye geti. Nilikuwa na sababu mbili za kutembea polepole, pumzi na biashara. Hakuna aliyeniita.

Nikarudi nyumbani na makumi nne zangu mufukoni, nimeshinda.

Sasa ni hapa ninapoanza kuona haya. Pembeni ya meza yangu sokoni, kwa miaka sita, kulikuwa mama mumoja anauza uji. Sitataja jina. Uji wa soya, mutama na mahindi, mwepesi, na tangawizi kidogo. Kila asubuhi alinipa kikombe kimoja, nami nilimpa kiganja cha maharagwe jioni. Hatukuwahi kuhesabu. Ni kitu pekee katika maisha yangu ambacho sikuwahi kuhesabu. Na munajua desturi yetu: anayekupa kinywaji anaonja kwanza, mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Miaka sita alionja kwanza, anafuta mudomo wa kikombe na kitambaa chake, ananipa.

Asubuhi moja kulikuwa na watu wengi, mvua inakuja, akanipa kikombe bila kuonja. Nikakunywa. Na juma lile miguu ikajaa.

Munaona hesabu ilivyojipanga yenyewe. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, hiyo nilihesabu mara moja tu, nikapata jibu: karuho. Ile sumu ya polepole. Bwana yangu akaniuliza, «Na ulianza kusimama njiani lini?» Nikamwambia anyamaze, yeye si munganga.

Nikaenda kwa muzee mumoja upande wa Munigi, anayetoa watu sumu tumboni. Pale sikuomba apunguze bei. Mutu anayeogopa hapatani bei, na yule muzee anajua hivyo kuliko mutu yeyote. Dola mia moja na makumi mbili, na mbuzi wa dola makumi tano na tano. Noti yangu moja ilikuwa na tundu ndogo kama ncha ya sindano, akaiinua kwenye jua, akaikataa. Nikajiambia, mutu anayeona tundu namna hii hawezi kukosa kuona sumu.

Akaninywesha majani, nikatapika ndani ya beseni mpaka nikaona nyota muchana. Kisha akachovya mukono, akatoa kipande cheusi. «Hii hapa, mama. Aliyekupa yuko karibu na wewe. Anakupa kila siku.»

Mimi ninayetambua jiwe kati ya maharagwe elfu sikukishika kile kipande. Leo nikikumbuka, kilifanana sana na makala, yale ya kupikia.

Nikarudi, nikaambia watu wawili tu. Niliwaapisha wote wawili wasiseme. Wako hapa leo, naona wameanza kuangalia chini. Angalieni juu, mama zangu. Kosa si lenu, nyinyi mulibeba tu nilichowatwika. Lakini wawili wakawa wanne, wanne wakawa soko zima. Kabla mwezi haujaisha, sufuria ya mama wa uji, ambayo zamani ilikuwa imekauka saa tatu asubuhi, ikawa inarudi nyumbani na nusu ya uji. Watu wanapita mbele yake wameshika vikombe vyao, wanakwenda kununua kwa mwingine.

Yeye hakunitukana. Alikuja kwangu kunisalimu, na termosi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, kulala nilikuwa siwezi tena. Akaketi mbele yangu. Akamimina kikombe, akakunywa chote. Si kuonja, alikunywa chote. Akamimina cha pili, akaninyooshea.

Nikamwambia: «Unakunywa kwa sababu unajua dawa yake.»

Bwana yangu akatoka nje. Yule mama akaweka kikombe chini, taratibu, akasema: «Pole na ugonjwa, mama.» Akaondoka. Termosi ikabaki mezani. Juma lililofuata hakuonekana sokoni. Mahali pake yalibaki mawe matatu meusi na mvua inanyesha juu yake.

Na mimi, sumu ikiwa imetoka na muchawi akiwa ameondoka, nilitakiwa nipone. Nikazidi kujaa. Tumbo likapanda. Nikawa siwezi kumaliza sentensi moja bila kupumua katikati, na kwa mutu wa biashara hiyo ni kufunga duka, maana muteja anajibu wewe ukiwa bado unatafuta hewa.

Ndipo shirika mulikuja kuniona. Mulikuwa mumechanga. Mama presidente alikuwa na bahasha, na mimi nikanyoosha mukono, maana nilikuwa tayari na hesabu: niende tena kwa muzee, alisema imebaki mizizi. Mama presidente akairudisha bahasha kwenye sakoshi yake.

«Hii haiingii mukononi mwako,» akasema. «Inaingia dirishani.»

«Dirisha gani?»

«Lile ulilogeukia mugongo.»

Nikamwambia nipe hata nusu. Akasema, «Mama, vaa viatu.» Viatu havikuingia. Nikaenda na kandambili za bwana yangu, juu ya pikipiki, mimi katikati, mama presidente nyuma amenishika kiuno ili nisianguke. Kwenye dirisha alitoa makumi nne, hakuuliza kitu. Mimi nikajikaza nikamuuliza yule mama wa dirisha kama kuangalia nusu ya moyo kunaweza kuwa nusu ya bei. Akasema, «Ah, ni wewe. Nilijiuliza kama utarudi.» Basi alikuwa amenikumbuka. Ila hakuniita.

Wakanipiga kwanza radio ya kifua, ile picha ya mifupa, wakatoa damu, wakanifunga nyaya kifuani. Kisha nikaingia kwa daktari wa eko. Mwanamuke, si mukubwa wa umbo, ana sauti ya chini. Chumba kina giza kidogo, kuna kioo kama televisheni. Akaniambia nilalie ubavu wa kushoto, akaniegemeza na muto ili nipate hewa. Akanipaka kitu baridi kama mafuta ya kujipaka yaliyolala nje usiku kwenye baridi ya Sake, akabonyeza kifuani kwa chombo kidogo kama kile cha kupigia pasi nguo za mutoto wa doli. Haichomi. Haiumi. Nikamuuliza eko itaanza lini, akasema imeanza zamani, angalia.

Nikaangalia. Nilidhani moyo una umbo lile wanalochora kwenye vitambaa vya harusi. Hapana. Ni mufuko. Mufuko wenye vyumba, na milango midogo inafunguka na kufunga, inapiga kama mbawa za kipepeo. Lakini mufuko wangu ulikuwa mukubwa na muchovu. Ulikuwa unajikunja kidogo tu, kama mutu anayeitwa na hataki kuamka.

Akasimamisha picha. Akaweka nukta mbili, akavuta mustari kati yao, akaandika namba. Kisha akafuta, akavuta tena mustari ule ule. Nikamuuliza kwa nini.

«Napima mara mbili, mama. Sipendi kudanganyika.»

Ndugu zangu, ni hapo nilipomuamini. Si kwa koti jeupe. Kwa ule mustari wa pili.

Akasema: «Damu mia ikiingia katika chumba hiki, moyo wako unasukuma nje makumi mbili na nane. Moyo muzima unasukuma zaidi ya nusu.»

«Na ile ingine?»

«Inabaki. Ikizidi, maji yanarudi nyuma. Kwenye mapafu, ndiyo maana unakohoa ukilala. Kwenye miguu. Kwenye tumbo.»

«Kwa hiyo naingiza magunia mia, nauza makumi mbili na nane, mengine yanaoza nyuma.»

«Ni hivyo.»

«Daktari, duka kama hilo mimi ningelifunga.»

Akacheka. Akasema hili hatulifungi, hili tunalisaidia. Kisha nikamuuliza lile nililokuja nalo. Nikamwambia: «Na sumu? Nionyeshe iko wapi.»

Hakunicheka hapo. Akarudisha picha, akaweka kidole kwenye kioo. «Unaona ukuta huu wa moyo? Umenenepa kuliko kawaida. Moyo ni nyama, kama mukono wa mutu anayebeba mizigo. Ukisukuma kitu kizito muda murefu, unanenepa. Halafu siku moja unachoka, unalegea. Ukuta huu haukujengwa na kikombe kimoja asubuhi moja. Huu umejengwa miaka.» Akaniangalia. «Mama, una tansion, ile presha ya damu?»

Nikasema kidogo.

«Walikupa vidonge?»

Nikasema ndiyo, miaka minane iliyopita.

«Unakunywa?»

Ndipo nikageuza uso kwenye muto. Kwa sababu vidonge vile, ndugu zangu, nilikuwa navikata na kisu cha nyanya. Nusu leo, nusu kesho. Pakiti ya mwezi mumoja nikaifanya ya miezi miwili, na nilijisifu sokoni. Nilimwambia hata yule mama wa uji: «Wanatuona wajinga, lakini mimi nimewapunguzia bei nyumbani kwangu.» Na nikiwa sisikii kichwa kuuma, hata ile nusu nairuka. Yeye ndiye aliyenijibu siku ile, anakoroga sufuria yake: «Mama, mimi nikikata unga nusu, maji yakibaki yale yale, huo si uji tena. Kunywa kizima.»

Nilikuwa nimesahau maneno hayo kabisa. Nikayakumbuka nimelala ubavu, kwenye giza lile, na moyo wangu unapiga kwenye kioo mbele ya macho yangu. Mutu mumoja tu katika soko zima alinikataza kujiua, na ndiye niliyemwita muuaji.

Nikalia. Daktari akanipa karatasi za kufutia ile baridi ya kifuani, nikazitumia kwenye macho.

Nililala hospitali siku sita. Wakanidunga dawa ya kutoa maji. Sitaeleza mara ngapi nilikwenda chooni, ijapokuwa nilihesabu. Niliingia na kilo makumi nane na moja, nikatoka na makumi saba na mbili. Kilo tisa za maji. Ni karibu bidoni mbili za lita tano, nilikuwa nazibeba kutoka nyumbani kwenda sokoni na kuzirudisha, bila kuuza hata moja.

Sasa nakunywa vidonge vizima, vya aina nne. Chumvi kidogo sana, na bwana yangu anasema chakula chetu sasa kina ladha ya karatasi ya serikali. Kila asubuhi napanda mizani kabla ya kunywa chai. Kilo mbili zikiongezeka katika siku chache, narudi kwa daktari bila kungoja miguu iniambie. Baada ya miezi nane nilirudi kwenye eko. Nikalipa bei ya ukutani, kwa faida ya maharagwe yangu, na yule mama wa dirisha akainua hela yangu kwenye mwanga kwa kushangaa. Daktari akavuta mustari wake, akafuta, akavuta tena. Makumi nne na moja. Haujapona wote, akasema, na labda dawa hizi ni za maisha. Lakini umeamka. Kutoka kwangu mpaka soko nasimama mara moja, na hiyo ni ya kusalimu.

Aksanti kwenu. Mulichanga kila mutu na alichonacho, wengine mulitoa noti za faranga mia mbili zilizochanika, naziheshimu kuliko dola. Aksanti kwa mama aliyekataa kunipa bahasha mukononi. Aksanti kwa kijana yule wa kituo aliyesikiliza mugongo wangu mara mbili, nikamwona ananisumbua. Aksanti kwa daktari, na hata kwa mama wa dirisha asiyepunguza. Kwa bwana yangu, ambaye aliniuliza swali la maana na nikamnyamazisha: leo nakujibu mbele ya watu. Nilianza kusimama njiani miezi mitano kabla ya kikombe kile.

Na nawaambia: ukiwa na tansion, kidonge ni kizima ao si kidonge. Miguu ikijaa, pumzi ikikata, ukishindwa kulala chini, usitafute mutu wa kulaumu. Tafuta picha ya moyo kwanza. Ukishaona, hutahitaji jina la mutu.

Sasa nimebaki na deni moja, na ndilo limenisimamisha hapa. Nyinyi niliwalipa, kitabu cha shirika kinajua. Hili haliko kwenye kitabu.

Yule mama sasa anauza uji barabarani kule Munigi, si mbali na nyumba ya yule muzee. Nilipita juma jana. Nilimwona kwa mbali. Sufuria yake ni ndogo kuliko ile ya zamani. Nikahesabu wateja, walikuwa watatu. Nikahesabu tena. Watatu. Nikarudi bila kumsalimu, na safari hii kilichonisimamisha njiani si pumzi, ni haya.

Termosi yake ni hii hapa, chini ya kiti changu, tangu siku ile. Nimeiosha. Na wote munajua kwetu chombo cha mutu hakirudishwi kitupu. Nimefikiria kuijaza uji, lakini ni nani anapelekea uji mama wa uji? Nimefikiria hela. Nikaona nitakuwa namlipa ili aninyamazie. Nimefikiria kwenda na wale wawili niliowaambia, tukakae kwenye benchi lake muchana, watu wakipita watuone, anipe kikombe, na akitaka kuonja kwanza nimushike mukono nimwambie hapana, mama, leo usionje. Labda inatosha. Labda ni haba. Labda hatanipa kikombe, na ana haki.

Maharagwe najua bei yake. Moyo, sasa najua bei yake. Jina la mutu sijui, sikuwahi kuliuza isipokuwa mara ile moja, na niliuza la mwingine. Nyinyi munanishauri nini? Niijaze nini? Semeni bei, yeyote kati yenu, na niko hapa nimesimama. Sitaomba mupunguze, na sitageuka niondoke polepole.